Jina la mtoto: maswali ya wazazi wa Dodoma kuhusu kuchagua, kuandika na kutamka

Maswali haya hurudi kila msimu wa kuandikisha watoto shule, hurudi kwenye foleni ya kliniki, na hurudi kwa kishindo pale kijana anapoomba mkopo wa chuo ikagundulika kwamba jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Mwenye haraka asome swali la majina matatu na lile la cheti kilichokosewa. Mengine yanaweza kusubiri mtoto alale.

## Kabla ya kuandika chochote

Jina liwe tayari lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto akizaliwa kituoni, mama hupewa tangazo la kizazi, na taarifa zake ndizo zinazofuatwa kutengeneza cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Zikipita, usajili unahesabiwa kuwa wa kuchelewa na mzazi hudaiwa uthibitisho zaidi. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kazi hii imesogezwa hadi vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na cheti hutolewa bila malipo. Kisingizio cha nauli ya kwenda mjini hakipo tena.

Shida ni kwamba mila na karatasi haziendi mwendo mmoja. Waislamu wengi humpa mtoto jina siku ya saba, pamoja na akika. Kuna Wakristo wanaosubiri ubatizo, ambao unaweza kuja baada ya miezi. Na kuna wanaomsubiri babu afike kutoka Mpwapwa. Siku 90 zinatosha kuwasubiri wote hao. Balaa huanza muuguzi anapouliza jina, baba hapokei simu, na mama aliyechoka anataja la kwanza linalomjia mdomoni. Kama hamjaamua, semeni hamjaamua.

Nani mwenye neno la mwisho, wazazi au ukoo?

Karani atamsikiliza mzazi anayetoa taarifa. Ukoo nao utamsikiliza bibi. Familia nyingi humaliza ugomvi kwa kuwa na majina mawili: moja la cheti, jingine la nyumbani, na mtoto huitikia yote bila kulalamika. Ni utaratibu mzuri mradi jina la nyumbani libaki nyumbani. Likiingia kwenye kadi ya kliniki huku cheti kikiwa na jingine, umeshatengeneza watoto wawili.

Tunataka kumrithisha jina la babu yake. Kuna tatizo?

Kwenye karatasi kuna moja dogo (tazama swali linalofuata). Nyumbani kuna jingine: mama wa mtoto anaona haya kulitamka jina la baba mkwe wake, tena kwa ukali, mtoto anapomwaga uji. Ndiyo maana watoto wengi waliorithi majina huitwa Babu, Mzee au Baba, na wasichana huitwa Bibi au Mama, mpaka wanaanza shule. Siku mwalimu anaita Mazengo, Mazengo mwenyewe anageuka kuangalia ni nani huyo. Mfundisheni jina lake la daftari kabla hajafika darasani.

Majina matatu yanafanyaje kazi?

La kwanza ni la mtoto, la pili ni la baba, la tatu ni la babu au la ukoo. Hapo penye "au" ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Mtoto wa kwanza anaandikwa kwa jina la babu, wa pili kwa jina la ukoo, wa tatu kwa jina la utani la babu ambalo kijiji kizima kinalijua. Ndugu wa tumbo moja wanakuwa na majina matatu ya mwisho. Baba akiombwa kuthibitisha kwamba ni wake wote, anabaki kuapa kwa wakili.

Amueni mara moja, kwa mtoto wa kwanza, na wengine wafuate herufi kwa herufi. Kipimo ni kitambulisho cha taifa cha baba, kile cha NIDA: majina yake yakiandikwa pale kwa namna fulani, ya mtoto yafuate namna hiyo hiyo, hata kama baba mwenyewe haipendi.

Kisha yatajeni yote matatu kwa sauti. Jina tamu likiwa peke yake linaweza kuharibika likipangwa na mengine. Mtoto aliyerithi jina la babu anaweza kuishia kuwa Yohana Mika Yohana. Si kosa, ila kila mfumo atakaokutana nao utamuuliza kama ameandika jina mara mbili kwa bahati mbaya. Baraka Amani Furaha nayo inasikika kama salamu za Krismasi.

## Tahajia

Ester, Esta au Esther? Lipi sahihi?

Lililoko kwenye cheti. Hakuna baraza linaloamua tahajia ya majina ya watu, na yote matatu yana wenyewe wanaoyatumia vizuri. Kosa ni kuwa Esta kliniki, Ester shuleni na Esther kanisani.

Majina yanayosumbua zaidi ni yale yaliyotoka Kiingereza, kwa sababu sikio la Mswahili linasikia herufi moja pale ambapo Mwingereza ameweka mbili. Happiness huandikwa Hapiness, Hapines, Happyness. Emmanuel hupoteza m moja. Jackline, Jacqueline, Jaclin na Jaqline wanaweza kuwa mtu yule yule katika mafaili manne. Jennifer ameshakuwa Jenifa na Jenipher, na hiyo ph ya Jenipher haimo kwenye Jennifer ya Kiingereza. Geoffrey, Geofrey na Jofrey, usiniulize.

Ushauri wangu, ambao si kila mzazi anaupenda: kati ya tahajia mbili, chukua ile ambayo karani asiyekujua angeiandika bila kuuliza. Tahajia ya kipekee inamfurahisha mzazi siku ya kwanza, halafu mtoto anabaki kusema "hapana, ni ya h mbili" maisha yake yote. Anayetaka mwanawe awe wa pekee atafute jina la pekee lenye tahajia nyepesi. Yapo mengi, bibi zake wanayajua.

Yohana au John? Petro au Peter?

Yote ni mazuri, ila usiyahesabu kuwa jina moja. Kwa mchungaji ni jina moja, kwa NIDA na Baraza la Mitihani ni watu wawili.

Huku kwetu swali hili lina mizizi mirefu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na tangu hapo majina ya Biblia yameingia Ugogo kwa sura ya Kiswahili: Yohana, Mika, Daudi, Ezekia, Yoeli, Raheli. Leo ndiyo majina ya mababu, kwa hiyo ndiyo majina ya tatu ya wajukuu. Kisha anakuja kijana wa mjini aliyezoea kujiandika John Ezekiel, wakati cheti chake kinasema Yohana Ezekia, na anamwandikisha mwanawe kwa jina lisilokuwepo kwenye karatasi yoyote ya ukoo. Angalia pia kwamba Ezekia na Ezekieli ni watu wawili tofauti hata ndani ya Biblia: mmoja mfalme, mwingine nabii.

Majina ya Kiislamu yana tahajia moja sahihi?

Kwa herufi za Kiarabu, ndiyo. Yakihamia herufi zetu yanatawanyika: Khadija na Hadija, Fatma na Fatuma, Khamis na Hamisi, Ramadhan na Ramadhani, Mohamed, Mohammed na Muhammad. Bara tumezoea sura za Kiswahili zenye irabu mwishoni. Anayetaka sura ya karibu na Kiarabu anaruhusiwa, mradi ajue kwamba muuguzi ataandika Hadija kama hajaambiwa.

Majina yanayoanza na Abdul yanahitaji uangalifu wa peke yake. Abdulrahman ni jina moja. Ukiliandika Abdul Rahman kwa nafasi katikati, kompyuta inahesabu majina mawili, Rahman anageuka kuwa baba wa mtoto, baba halisi anakuwa babu, na babu anaanguka nje ya fomu. Liandikeni limeungana, kila mahali. Na mkitaka kumwita Abdul kwa kifupi, iwe mdomoni tu.

Jina la Kigogo liandikwe kwa c au ch?

Katika maandishi ya Kigogo yanayotumia mtindo wa zamani, c peke yake husomwa ch. Mfano unaojulikana nchi nzima ni John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994: jina linaandikwa kwa c na kutamkwa Malechela, na hakuna anayehangaika kwa sababu amelizoea. Mtoto wako hatakuwa na bahati hiyo. Mwalimu aliyetoka Bukoba akikuta Secelela kwenye daftari atasoma Sekelela au Seselela, kwa nia njema kabisa.

Kwa jina jipya, tumia ch: Sechelela, Chilongani. Kwa jina la ukoo lililoko tayari kwenye vitambulisho vya wazee, usiguse hiyo c. Kurekebisha tahajia ya ukoo ni kujitenga na ukoo kimaandishi.

Nh na mh ni kesi nyingine. Mgogo anazitamka kwa pumzi inayopita puani, asiye Mgogo anaziona kama makosa ya uchapaji na kuziondoa. Ukichagua jina lenye nh, kagua kila karatasi kabla hujaondoka dirishani.

Ile alama ya ng' inaleta shida gani?

Ritifaa ndiyo inayotofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Kwenye majina ya watu na ya mahali huku kwetu imejaa. Anayeishi kata ya Ng'hong'honha ameshaona jina la kata yake likiandikwa kwa kila namna. Mifumo mingine ya kompyuta huikubali, mingine huikataa, mingine huigeuza kuwa alama ya ajabu. Matokeo yake ni cheti chenye ritifaa na leseni isiyo nayo.

Kama ni jina la kwanza, na una la kuchagua, chagua lisilo na ritifaa. Kama ni la ukoo, iandike kwenye cheti kwa sababu ndiyo tahajia sahihi, kisha tunza nakala za karatasi zote ili tofauti hiyo iweze kuelezwa. Kistari katika majina kama Anna-Maria kina tabia zile zile. Andika Annamaria, au mpe moja.

## Matamshi

Bibi yake hawezi kutamka jina tulilochagua. Tubadilishe?

Inategemea hawezi kwa kiasi gani. Wazee wengi waliokulia kwenye Kigogo hutamka l mahali pa r, na z mahali pa dh. Rehema anaitwa Lehema, Fadhili anaitwa Fazili, na mtoto anaitika bila kuchanganyikiwa. Hilo halitoshi kuacha jina zuri. Bibi akishindwa kabisa, kama ilivyo kwa Gwyneth, yeye atampa mjukuu jina lake mwenyewe, na hilo ndilo litakaloshika.

Hatari halisi iko kwenye dirisha la usajili. Karani huandika anachosikia. Mama akisema Lehema, kuna siku itaandikwa Lehema, na hapo matamshi yameshakuwa tahajia. Njoo na jina limeandikwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, majina yote matatu. Karatasi hiyo ni kinga kubwa kuliko ushauri wote uliomo humu.

Nimependa jina la Kiingereza. Nitajuaje kama litasomeka?

Liandike, mpe jirani asiyelijua, msikilize. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mwalimu wa darasa la kwanza atafanya hivyo hivyo. Irene atakuwa I-re-ne kwa mmoja na Airini kwa mwingine. Sean atakuwa Se-a-ni. Chloe atakuwa Chlo-e mpaka siku baba atakapokuja shuleni kueleza, na mwalimu mpya akija kazi inaanza upya.

Ukiona jirani amejikwaa, una njia mbili: liache, au liandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Airini kwenye cheti ni jina halali kama jingine lolote. Usichukue njia ya tatu ya kuandika nusu kwa nusu, mfano Airene. Hiyo haisomeki kwa lugha yoyote.

Niweke i mwishoni, Danieli, au niache Daniel?

Mtaani i itajiweka yenyewe. Ukiiandika, mkazo unasogea kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na jina linakaa vizuri kwenye sentensi ya Kiswahili. Ukiiacha, utakuwa umefuata Kiingereza. Mimi ningeiandika, lakini la muhimu ni kwamba baba aliye Daniel asiandikwe Danieli kwenye cheti cha mwanawe.

Jina linaweza kuwa na maana mbaya kwa kabila jingine?

Linaweza, na Dodoma ya sasa ina kila kabila. Tangu serikali ihamie, darasa moja la Nkuhungu au Nzuguni lina Wagogo, Warangi, Wanyaturu, Wahaya, Wachaga na Wasukuma. Kabla hujalifunga jina, litaje mbele ya majirani watatu waliotoka mikoa tofauti na uangalie nyuso zao. Anayecheka, muulize.

## Maana na mazoea

Shida, Tabu, Mashaka: majina haya huvuta mkosi?

Siamini. Yalitolewa kuhifadhi kumbukumbu ya wakati mtoto alipozaliwa, na wakati wenyewe mara nyingi ulikuwa mgumu. Katika Ugogo hata njaa hupewa jina: ile iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1917 na 1920, inaitwa Mtunya, na jina hilo limeishi kuliko walioiona. Familia inayomwita mtoto Shida inafanya kazi ile ile ya kuweka historia.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wazazi husahau. Kwetu mzazi naye hubadilika jina. Mtoto wa kwanza akiitwa Shida, wewe ni Mama Shida sokoni Majengo, msibani, harusini, na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Jaribu kuita hilo "Mama fulani" kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa barabara kabla hujaamua. Majina mengi hufa kwenye jaribio hili, na mengine, kama Chausiku, hupendeza zaidi.

Tumepata mapacha. Lazima wawe Kulwa na Doto?

Hapana. Ni desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi iliyoenea nchi nzima: Kulwa ni aliyetangulia kuzaliwa, Doto aliyefuata. Ukiyatumia, usiyageuze. Epuka tu kuwapa mapacha majina yanayofanana mno, mfano Jane na Jean: watakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, babu mmoja, na herufi zile zile nne, mpangilio tu ndio utakaowatenganisha.

Amani, Imani, Gift, Given: ni ya kiume au ya kike?

Yote mawili. Mkitumia mojawapo, hakikisheni sehemu ya jinsi imejazwa sawasawa katika kila fomu, kwa sababu anayenakili orodha hukisia kwa jina.

## Mambo yakishaharibika

Cheti kimekosewa herufi moja. Nikiache?

Usikiache. Herufi moja haionekani mtoto akiwa na miaka miwili. Inaonekana akiomba mkopo kwenye Bodi ya Mikopo, ambayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kisha majina yalinganishwe na ya vyeti vya mtihani. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya ukiwa na cheti, tangazo la kizazi kama bado unalo, kadi ya kliniki, cha ubatizo kama kipo, na vitambulisho vya wazazi. Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo karatasi za kurekebisha zinavyokuwa chache.

Jina la shuleni na la cheti ni tofauti, na mtoto yuko karibu na mtihani.

Wahi kwa mwalimu mkuu kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Jina litakalosajiliwa ndilo litakalomfuata. Walimu huwaita wazazi kukagua orodha; nenda mwenyewe, usimtume mdogo wake.

Kiapo cha majina na kubadili jina vina tofauti gani?

Kiapo huandaliwa na wakili na husema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hakibadilishi chochote kwenye cheti, na si kila ofisi hukikubali. Anayetaka kuacha jina kabisa na kuchukua jipya huandikiwa hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa kosa la tahajia, anza na marekebisho ya RITA kabla hujafikiria lolote kati ya hayo.

Baba wa mtoto hayupo. Jina la pili liwe la nani?

Akina mama wengi hutumia jina la baba yao mzazi, na mtoto hukua nalo bila shida. Usiweke jina la kubuni "kwa muda". Hakuna cha muda kwenye cheti. Kama kuna uwezekano wa baba kujitokeza na kumtambua mtoto, ulizia utaratibu kwa msajili kabla ya kuandika, si baada.

Sisi ni Wasandawe. Jina letu lina sauti ya kidoko, ile ya kugonga ulimi, ambayo Kiswahili hakina. Tuandikeje?

Wataalamu wa lugha wana alama zao za vidoko, lakini hazitapita kwenye fomu yoyote ya Kondoa au Chemba. Familia huchagua herufi ya Kiswahili iliyo karibu na sauti hiyo na kuacha kidoko kwa watu wa nyumbani. Angalia kwanza jinsi jamaa zenu wenye jina hilo walivyoliandika kwenye vitambulisho vyao, mfuate hivyo hivyo, hata kama mnaona mngeweza kuliandika vizuri zaidi.